Mashindano ya Mawazo ya Biashara na Mitaa ya Eastlands: Nini Hubaki Baada ya Hundi?

Wiki jana kijana mmoja wa mwaka wa 3 chuo kikuu, jirani yetu hapa Umoja, aliniletea slaidi 12 nizipitie. Yeye na wenzake wameingia shindano la wanafunzi la mawazo ya biashara endelevu. Wazo lao linahusu taka za mitaa yetu. Shida yake haikuwa slaidi. Fainali inagongana na mafunzo ya kazini aliyopata, yenye posho, na nyumbani mama yake ameshaipangia posho hiyo kazi.

"Niambie ukweli, kaka," akasema. "Haya mashindano yamewahi kubadilisha kitu huku Eastlands, ama ni picha tu na ile hundi kubwa ya karatasi?"

Sikuwa na jibu la haraka. Mimi ni mtu wa kuandika programu, si mwanahistoria. Lakini swali lilinikaa kichwani, na kwa siku kadhaa nimekuwa nikiyapanga mambo haya kwa miaka yake. Haya basi, tuanze mwanzo.

Yalikotoka

Mashindano haya hayakuzaliwa jana, wala hayakuanza na neno "endelevu". Mwaka 1975 huko Marekani Bob Davis alianzisha SIFE, shirika la kuwakutanisha wanafunzi wa vyuo na wenye biashara. Ndilo lile lililobadilisha jina mwaka 2012 na kuitwa Enactus, na Kenya ina timu zake vyuoni. Mwaka 1984 Chuo Kikuu cha Texas pale Austin kilianzisha Moot Corp. Jina lilitoka kwa wanafunzi wa sheria, ambao hujifunza kwa kutetea kesi za kuigiza. Wa biashara nao wakawa wanatetea kampuni za kuigiza mbele ya majaji.

Mwaka 1990 wanafunzi wa MIT walianza shindano la dola 10,000. Fedha zikapanda hadi 50,000 mwaka 1996 na 100,000 mwaka 2006. Hapo kampuni hazikuwa za kuigiza tena, nyingine zilisajiliwa kweli. Kisha mwaka 1999 wanafunzi wa Berkeley, California, wakaleta shindano ambalo biashara ilipimwa kwa faida na pia kwa manufaa kwa jamii. Mwaka 2010 likaja lile ambalo leo linaitwa Hult Prize, ambalo baadaye zawadi yake ilifika dola milioni 1.

Angalia mkondo wa mambo. Kwanza kujifunza, halafu kampuni, halafu kampuni ya kuondoa umaskini. Na ukishataka kuondoa umaskini, lazima utafute mahali ulipo. Hapo ndipo Nairobi ilipoingia. Mji wenye Kiingereza, wenye M-Pesa tangu Machi 2007, wenye uwanja wa ndege wa kimataifa, na ukitoka uwanjani hapo huendi mbali kabla ya kufika Mukuru. Kwa mwanafunzi anayetafuta shida ya kutatua, tulikuwa tumemwekea kila kitu karibu.

Mukuru, 2011

Kesi ya kwanza ni ya vyoo. Mukuru iko kando ya viwanda na Mto Ngong, na ina kaya zaidi ya 100,000. Sehemu kubwa haijawahi kuunganishwa na mabomba ya maji taka. Choo cha shimo kikijaa, kuna watu wa kukitapisha usiku kwa ndoo, na mzigo unaishia mtoni. Aliyekulia huku anajua pia habari ya mfuko wa plastiki unaorushwa gizani. Si hadithi ya kuchekesha hasa ukiwa ni msichana unayeogopa kutoka nje saa nne usiku.

David Auerbach, Lindsay Stradley na Ani Vallabhaneni walikuwa wanafunzi wa MIT. Mwezi Mei 2011 kampuni yao, Sanergy, ilishinda ile zawadi ya dola 100,000, kama shilingi milioni 8.5 za wakati huo. Kabla mwaka haujaisha, vyoo vya kwanza vya Fresh Life vilikuwa vimefunguliwa Mukuru.

Mimi kama mtu wa mifumo, kinachonivutia ni jinsi walivyoigawanya kazi. Choo chenyewe ni sehemu ndogo. Mkojo na kinyesi hutenganishwa, kila kimoja kwenye chombo chake chenye kifuniko. Choo kinamilikiwa na mkazi wa pale pale, ambaye mwanzoni aliwatoza watumiaji shilingi chache kila mara. Wakusanyaji hupita, huchukua chombo kilichojaa na kuacha kisafi. Pale gari lisipopenya, mkokoteni hupenya. Mzigo hupelekwa kiwandani ukageuzwa mbolea, na sehemu nyingine ikalisha funza wa nzi weusi, ambao nao hugeuzwa chakula cha kuku na nguruwe.

Kwa maneno mengine, hawakuuza choo. Waliuza uhakika kwamba kesho asubuhi kuna mtu atakuja kukisafisha. Hilo halionekani vizuri kwenye slaidi, lakini ndilo liliwafanya wabaki.

Hata hivyo wazo halikubaki vile lilivyoshinda. Choo cha kulipia kina tatizo: usiku hukiendei, na mwenye watoto watano hawezi kulipa kila mara. Polepole kazi ilihamia vyoo vya ndani ya ploti, mwenye nyumba akilipia huduma na wapangaji wakatumia bila kutoa sarafu mlangoni. Na ule mchezo wa kutegemea mbolea ilipie kila kitu haukutosha. Usafi wa mji popote duniani hubebwa na fedha za umma kwa sehemu fulani. Baadaye pande mbili zikatenganishwa: Fresh Life upande wa vyoo, Regen Organics upande wa mbolea na chakula cha mifugo. Majaji wa 2011 waliona duara moja zuri ambapo taka zinalipia choo. Miaka iliyofuata ilionyesha ni biashara mbili zenye tabia tofauti.

Matatu, 2016

Kesi ya pili inatuhusu wote tunaopanga foleni asubuhi. Mwaka 2016 swali la Hult Prize lilikuwa juu ya miji yenye msongamano: namna ya kuongeza mara mbili kipato cha watu milioni 10 wanaoishi humo. Walioshinda, Septemba 2016 mjini New York, walitoka Earlham, chuo kidogo cha Richmond, Indiana. Walikuwa wanne: Iman Cooper, Sonia Kabra, Leslie Ossete na Mkenya Wyclife Omondi. Wazo lao liliitwa Magic Bus. Abiria wa Nairobi mwenye simu yoyote, hata ile ya tochi, aweke nafasi na kulipia matatu kwa ujumbe mfupi, na ajue gari litafika lini. Zawadi ilikuwa dola milioni 1, zaidi ya shilingi milioni 100.

Niliposikia habari ile nilifurahi, kisha nikacheka kidogo, kama angecheka mtu yeyote wa Kayole. Hebu tuiangalie matatu kama mfumo wa kompyuta. Haina ratiba, inaondoka ikijaa. Nauli si namba moja, ni hesabu yenye vigezo: saa, mvua, mwisho wa mwezi, kama kuna msako barabarani. Mwenye gari anataka kiasi chake kila jioni, na kinachozidi ni cha dereva na makanga. Kwa hiyo fedha taslimu mkononi si ushamba. Ndiyo mshahara, ndiyo mafuta, na ndiyo ile "chai" ambayo hakuna mtu huikatia risiti.

Mfumo huu una historia. Mwaka 1973 Rais Kenyatta aliruhusu matatu kubeba abiria bila leseni za mabasi, na zikaziba pengo ambalo mabasi hayakuweza kuliziba kadiri mitaa ya mashariki ilivyotanuka. Februari 2004 zikaja sheria za Michuki, zenye mikanda, vidhibiti mwendo na mstari wa njano. Hizo zilifanya kazi kwa sehemu, kwa sababu zilikaguliwa barabarani kwa macho. Lakini jaribio la kuondoa fedha taslimu lilishindwa. Kadi ya BebaPay, ya Google na benki ya Equity, ilianza 2013 na ikafungwa 2015. Agizo la serikali la katikati ya 2014 kwamba matatu zote ziache kupokea pesa taslimu liliahirishwa, halafu likafifia. Waliokuwa na nguvu ya kulikubali au kulikataa walikuwa makanga, na mfumo mpya haukuwapa sababu ya kuukubali.

Basi Magic Bus ilikuwaje? Haikufa, na hapo ndipo pa kujifunza. Kabra na Omondi waliendelea, kampuni ikaitwa BuuPass, na ikahamia mabasi ya safari ndefu. Ukifikiri utaona sababu. Basi la Mombasa au Kisumu lina saa ya kuondoka, lina viti vyenye namba, na nauli inajulikana kabla hujafika ofisini. Programu inalielewa. Leo wanauza tiketi za mabasi, treni na ndege, na mwaka 2023 waliinunua kampuni nyingine ya tiketi, QuickBus.

Nawapongeza kwa dhati. Lakini tuseme ukweli: wazo lililoshinda kwa jina la msongamano wa mji liliishia kumsaidia msafiri wa kwenda nyumbani Desemba. Sisi wa steji ya asubuhi bado tunangojea gari lijae.

Vilivyobaki bila zawadi

Nitaje kazi nyingine ya wanafunzi ambayo haikuwa shindano. Kuanzia 2012 Chuo Kikuu cha Nairobi, pamoja na MIT, Columbia na kampuni ya Groupshot, walifanya mradi wa Digital Matatus. Wanafunzi walipanda matatu na simu zao, wakaandika kila kituo na kila njia. Walipata njia zaidi ya 130. Ramani ilitoka mapema 2014, data ikawekwa wazi kwa muundo wa GTFS, ule unaotumiwa na miji mikubwa duniani, na 2015 ikaingia Google Maps. Hawakumwomba makanga abadilike. Waliandika tu anachofanya. Mimi binafsi nimejifunzia kazi kwenye data ile, na sijui ningemlipa nani.

Halafu kuna Dandora. Mtaa huu ulipangwa kuanzia 1975 kwa mkopo wa Benki ya Dunia, ploti 6,000 zenye maji na maji taka, mwenye ploti ajijengee. Jaa la taka nalo likaja kukaa mlangoni. Mwaka 2007 utafiti wa UNEP ulipima watoto 328 wa eneo hilo, na nusu yao walikutwa na madini ya risasi kwenye damu kwa kiwango cha hatari. Huko ndiko neno "endelevu" lina uzito.

Vijana wa Mustard Seed, na baadaye Dandora Transformation League, walianza kusafisha nyua za katikati ya nyumba, kupanda miti, kupaka rangi, na kupata ada ndogo kwa wakazi kwa ulinzi na usafi. Halafu wakalifanya shindano, Changing Faces, uwanja kwa uwanja. Hapo jaji haangalii slaidi. Anakuja kwenye uwanja wako, anaangalia ulivyokuwa na ulivyo. Anayeshindwa naye amebaki na uwanja safi. Sijaona shindano la chuo kikuu lenye kanuni nzuri kuliko hiyo.

Nilivyomjibu

Kwa hiyo, je, mashindano haya yamewahi kubadilisha kitu? Ndiyo, Mukuru kuna vyoo. Lakini hundi ya 2011 ilikuwa mwanzo mdogo wa kazi ya miaka mingi, na wazo lilibidi libadilike mara kadhaa ndipo lisimame. Hundi ya 2016 ilizaa kampuni nzuri, lakini upande mwingine wa barabara. Walichofanana ni kwamba walibaki baada ya jukwaa kubomolewa, na kila walipokosea waliusikiliza mtaa kuliko slaidi.

Nikamuuliza kijana swali moja: katika timu yenu, nani ameshatembea siku nzima na wazoa taka? Akanyamaza. Slaidi ya 4 ilikuwa na picha ya mkokoteni, lakini hawakujua mwenye mkokoteni analipwa na nani, wala anamlipa nani ili aruhusiwe kumwaga.

Nikamwambia achukue mafunzo ya kazini. Wenzake watatu wanaweza kunadi wazo bila yeye, na shindano litarudi mwakani, maana haya hurudi kila mwaka. Posho ya mama hairudi. Na Jumamosi, ambayo ni yake, aende nyuma ya ule mkokoteni kuanzia alfajiri.

Hakufurahi sana. Lakini jana usiku alinitumia faili jipya. Slaidi zimebaki 7, na ile ya 4 sasa ina hesabu ya siku moja ya mzoa taka, shilingi kwa shilingi, mapato na "ada" zote. Ni mara ya kwanza nimejifunza kitu kutoka kwa slaidi zake.

Kama wewe nawe uliwahi kushiriki mashindano haya, ukashinda au ukashindwa, niandikie uniambie kilichobaki. Hasa kama mlishinda kwa jina la mtaa wetu.