Gulio Lililozaliwa na Redio

Mapema mwaka 1963, redio moja ya Los Angeles ilikuwa imebanwa pande mbili: fedha hakuna, na serikali inaitilia shaka. Redio hiyo ni KPFK, iliyoanza kusikika mwaka 1959. Haikupokea matangazo ya biashara. Iliishi kwa michango ya wasikilizaji wake, sawa na vituo vingine vya shirika la Pacifica. Mwaka uliotangulia, kituo cha Pacifica cha New York kilimpa kipaza sauti mtu aliyewahi kuwa mpelelezi wa FBI, naye akaanika mambo ya ndani ya idara aliyoitumikia. Januari 1963 kamati ndogo ya Seneti inayohusika na usalama wa ndani ikawaita viongozi wa Pacifica Washington, waeleze kama redio zao zimeingiliwa na wakomunisti. Mamlaka ya mawasiliano nayo ikazikalia leseni zao. Zilikuja kutoka Januari 1964.

Leo, Mmarekani anayeamka Jumamosi, akavaa kilemba cha manyoya na koti la mahameli, kisha akaendesha gari saa nzima ili akapige mayowe kwenye uwanja wa farasi, hana habari na kamati hiyo. Matamasha ya Renesansi, yanayoigiza maisha ya Ulaya ya karne ya 16, yako karibu kila jimbo, na mengi yanavuta makumi ya maelfu ya watu kwa msimu. Watu huyadhani kuwa ni masalia ya Ulaya yaliyovushwa bahari. Sivyo. Yalizaliwa California, katika redio iliyokuwa ikitafuta ada ya umeme na mishahara, na mkunga wake alikuwa mwalimu wa watoto.

Phyllis Patterson alifundisha shule kabla ya kuacha kazi na kuanza kuendesha darasa la maigizo kwa watoto wa mtaani kwake Laurel Canyon, korongo lenye nyumba zilizojibanza kwenye miteremko juu ya Hollywood. Uwanja wa nyuma wa nyumba yake ndio uliokuwa ukumbi. Aliwapitisha watoto katika historia ya tamthilia, zama kwa zama, na waliyoipenda kuliko zote ilikuwa commedia dell'arte ya Italia ya karne ya 16. Mtu akiijua commedia haoni ajabu. Wachezaji wake walizunguka mji hadi mji, wakasimamisha jukwaa la mbao katikati ya soko na kuvaa vinyago vya ngozi. Hakuna aliyekariri kurasa za maneno. Walikuwa na mkondo wa kisa tu, pamoja na wahusika ambao kila mtazamaji aliwajua tangu mbali: mzee bahili anayetamani wasichana, daktari anayejua kila kitu isipokuwa tiba, mtumishi ambaye njaa yake haiishi. Yaliyobaki yalitungwa papo hapo, kwa kuangalia nani kacheka na nani kanuna. Mtoto wa miaka 10 ataachaje kuupenda mchezo wenye ruhusa ya namna hiyo?

Phyllis na mumewe Ron, ambaye alikuwa msanii wa uchoraji na usanifu, wakaanza kujiuliza: ikiwa michezo hii ilikuwa ya sokoni, kwa nini wasilijenge soko lenyewe?

Mfano wa soko haukuwa mgumu kupata. Uingereza ya zamani ilikuwa na magulio makubwa yaliyofanyika mara moja kwa mwaka, na lililovuma kuliko yote ni la Mtakatifu Bartholomayo, pale Smithfield, London. Mfalme Henry I alilipa hati mwaka 1133, kwa manufaa ya nyumba ya watawa iliyoanzishwa na Rahere, mtu aliyewahi kuwa wa barazani kwa mfalme kabla ya kumgeukia Mungu. Lilikuwa gulio la vitambaa. Wafanyabiashara walikuja na marobota yao mwezi Agosti. Na palipo na wafanyabiashara wenye fedha, wacheza karagosi, watembea juu ya kamba, wauza nguruwe wa kuchoma na wezi wa mifukoni hawakosi. Anayeujua mnada wa mwezi wa mji mdogo wa Tanzania, ambako ng'ombe, mitumba, nyama choma na muuza dawa ya kila ugonjwa hukutana uwanja mmoja, hahitaji kuchorewa picha. Gulio hilo hata mahakama yake lilikuwa nayo, ya kuamua kesi za wapita njia siku ileile, kabla mshtakiwa hajafunga mzigo na kutoweka. Kadiri karne zilivyopita vitambaa vilipungua na vurugu ikaongezeka, mpaka wakuu wa jiji walipolifunga kabisa mwaka 1855.

Mfano wa pili ulikuwa safari za Malkia Elizabeth wa Kwanza, aliyetawala kuanzia 1558 hadi 1603. Wakati wa kiangazi malkia huyo aliondoka London na msafara wa mamia ya watu na mikokoteni, akawa mgeni wa mabwana na miji, kwa gharama za wenyeji. Julai 1575 alikaa siku 19 katika ngome ya Kenilworth, kwa Robert Dudley, bwana ambaye wengi waliamini kuwa alitaka kumwoa. Dudley hakubana matumizi. Palikuwa na fataki juu ya ziwa, dubu waliopiganishwa na mbwa, na pomboo mkubwa wa kutengenezwa aliyeelea majini akiwa amebeba wanamuziki tumboni mwake. Saa ya ngome ilisimamishwa muda wote wa ziara, kana kwamba wakati nao umepewa likizo. Malkia hakuolewa na Dudley wala mtu mwingine, lakini ziara hizo ziliacha kisa ambacho matamasha mengi ya Marekani bado yanakitumia: kijiji kina gulio, malkia anakuja, kila mtu amevaa nguo yake nzuri.

Wanandoa Patterson waliipelekea KPFK pendekezo, nayo ikakubali. Tarehe 11 na 12 Mei 1963, kwenye shamba la North Hollywood lililoitwa Haskell's Rascals Ranch, wakafungua kile walichokiita gulio la raha la Renesansi na soko la Mei. Watu wapatao 8,000 walifika katika siku hizo mbili.

Idadi hiyo haiwezi kueleweka bila kukumbuka mji ulikuwa wa aina gani. Los Angeles ilijaa mafundi wa filamu: washonaji wa mavazi ya kifalme, maseremala waliojua kugeuza mbao nyembamba kuwa ukuta wa ngome, waigizaji wasio na kazi wiki hiyo. Wengine hawakuwa na kazi kwa miaka. Tangu kamati ya Bunge la Marekani ilipoanza kuwahoji watu wa Hollywood mwaka 1947, na waandishi na waongozaji 10 wakafungwa jela kwa kukataa kujibu, studio zilikuwa zikiwafungia milango wasanii walioshukiwa kuwa na siasa za kushoto. Redio kama KPFK ilikuwa moja ya sehemu chache ambazo mtu wa namna hiyo angeweza kusikika kwa jina lake. Hivyo waliokusanyika shambani Mei ile walikuja kuichangia redio iliyokuwa ikichunguzwa, na walikuja wamevaa bukta za kubana na kofia zenye manyoya ya tausi. Ninaona busara kubwa hapo. Mkutano wa kuilaani Seneti ungeleta wale wale waliokwisha kukubaliana; gulio liliwaleta na majirani.

Mwaka 1966 tamasha lilihamia Paramount Ranch, Agoura, ardhi ambayo studio ya Paramount ilikuwa imeinunua mwaka 1927 kwa ajili ya kupigia filamu za farasi na bunduki. Likakaa huko hadi mwishoni mwa miaka ya 1980. Mwaka 1967 likazaliwa la pili kaskazini, karibu na San Francisco, na baadaye likatua katika msitu wa mialoni wa Black Point, Novato. Wakati huo vijana wa Marekani walikuwa wakifuga nywele, wakikimbia plastiki na kutafuta vitu vilivyotengenezwa kwa mkono. Wanandoa Patterson waliwapa pa kuviuza. Mfinyanzi, mshona ngozi, mtengeneza mishumaa, mhunzi: kila mmoja alitakiwa avae kama mtu wa enzi hizo. Washiriki walifundishwa semi, salamu na adabu za enzi ya Elizabeth kabla ya milango kufunguliwa. Mafundi wengi waliweza kuishi kwa kazi ya mikono yao kwa sababu ya soko hilo tu, na wakaanza kuzunguka tamasha hadi tamasha kama wenzao wa commedia.

Kufikia hapo wazo lilikwisha kutoka mikononi mwa waanzilishi. Minnesota ilipata tamasha lake mwaka 1971, Texas 1974, Maryland 1977. Wacheza mazingaombwe Penn na Teller, ambao baadaye walikuja kuwa na ukumbi wao Las Vegas, walianza kucheza pamoja kwenye tamasha la Minnesota mwaka 1975. Mchango wa redio ulikuwa umegeuka biashara yenye tiketi, maegesho na mawakili.

Siku ya tamasha leo ina mambo mawili yasiyokosekana. La kwanza ni paja la bata mzinga, kubwa kama rungu, linaloliwa kwa mkono huku mtu akitembea. Wakosoaji hucheka wakisema bata mzinga ni ndege wa Amerika. Ni kweli, lakini alifika Uingereza katika nusu ya kwanza ya karne ya 16, na Elizabeth alimkuta mezani. Kisichokuwapo kwake ni paja lenyewe lilivyo: limelowekwa kwenye maji ya chumvi na kukaushwa kwa moshi mpaka nyama ikawa ya waridi.

La pili ni mapambano ya mikuki. Katikati ya uwanja kuna ubao mrefu unaowatenganisha wapanda farasi wawili. Kila mmoja huuweka kushotoni mwake, akaupitisha mkuki juu ya shingo ya farasi, akalenga ngao ndogo iliyofungwa upande wa kushoto wa kifua cha mwenzake. Mavazi ya chuma yana kilo 20 na zaidi, na mpandaji huona kupitia ufa mwembamba wa kofia. Ncha ya mkuki mara nyingi ni ya balsa, mti mlaini wa Amerika ya Kusini, ili uvunjike kwa kishindo pasipo kumtoboa mtu. Tahadhari hiyo ina sababu. Mwaka 1559, miezi michache baada ya Elizabeth kuvikwa taji, Mfalme Henri II wa Ufaransa aliingia uwanjani kwenye sherehe za harusi, kibanzi cha mkuki kikamwingia jichoni, akafa siku 10 baadaye. Maryland, kwa bahati, haikuhitaji tamasha kuujua mchezo huu: tangu 1962 ni mchezo rasmi wa jimbo hilo, ingawa huko wanaochomwa mikuki ni pete zilizoning'inizwa, si watu.

Ambacho huwezi kukikuta uwanjani ni tauni, iliyoua maelfu kwa maelfu London mwaka 1563, miaka 400 kamili kabla ya gulio la kwanza la California. Wala hukuti bandari. Mwaka 1564 Elizabeth alimkodisha John Hawkins meli ya kifalme kwa safari ya kukamata na kuuza Waafrika. Mabaharia wa malkia huyo walifika hata huku kwetu: nahodha James Lancaster alitia nanga Unguja mwishoni mwa 1591, wafanyakazi wake wakiwa wamepungua kwa maradhi na mapigano ya Komoro, akaondoka Februari 1592. Silaumu tamasha kwa kutoonyesha haya yote. Gulio si darasa. Lakini mtu akiniambia kuwa amekwenda kuona Uingereza ilivyokuwa, nitamwambia ameona California ilivyotamani kuwa, na hilo nalo ni historia ya kutosha.

Msitu wa Black Point ulitolewa kwa nyumba na uwanja wa gofu, na tamasha la kaskazini likahama mwishoni mwa miaka ya 1990. La kusini sasa hufanyika Irwindale, kando ya bwawa la Santa Fe, chini ya kampuni. Phyllis Patterson alifariki mwaka 2014, akiwa na miaka 82. Familia haikuacha kazi: tangu 1970 walikuwa wameanzisha gulio jingine la Krismasi, la London ya mwandishi Charles Dickens, ambalo hufanyika ndani ya ukumbi wa Cow Palace karibu na San Francisco, na mtoto wao ndiye aliyekuja kuliongoza.