Linki ni mdhamini, sio kelele

Wasee, kwa chama cha mamangu hapa Matinyani hupati mkopo bila wadhamini. Na si mdhamini yeyote tu. Wanachama watauliza: huyu naye hulipa madeni yake?

Google ilizaliwa na wazo kama hilo. Mwaka 1996 Larry Page na Sergey Brin, wanafunzi wa Stanford, walianza kuhesabu linki kama udhamini. Tovuti ikielekezewa watu na tovuti inayoaminika, inapanda. 1998 wakafungua kampuni. (Na ndio, waliacha masomo ya PhD. Mum, nasema tu.)

Halafu pesa ikaingia. Watu wakauza linki, wengine wakazimwaga kwa maoni ya blogu. Januari 2005 ikaja alama ya "nofollow": linki ipo, lakini haimdhamini mtu. Aprili 2012 Google ikaleta Penguin, na tovuti zilizojaa linki za kununua zikaporomoka. Tangu 2016, Penguin huzipuuza tu linki kama hizo.

Mimi historia hii niliisoma nikiwa nimechelewa. Mwaka jana kina mama wanaosuka viondo walinipa pesa niinue tovuti yao. Nikanunua linki 500, bei ya kutupa. Hakuna kilichosonga. Kilichowaletea wateja ni linki moja, ya mteja aliyependa kiondo chake akaandika habari zake.

Bado nawalipa pole pole. Wadhamini 500 wasiojulikana, chama kingewacheka. Sijui mbona nilidhani Google itawaamini.