Baraza ya Saruji: Historia ya Sakafu Tunayoipaka Rangi



Kila msimu wa harusi ukikaribia, mazungumzo ni yale yale kwa dada zetu wa Dar es Salaam, kuanzia Magomeni na Kinondoni hadi Tandika na Mbagala. Nyumba ipo, baraza ipo, lakini sakafu ni zege tupu la kijivu. Fedha ya vigae haipo. Wageni watakaa pale pale. Wapo wanaokopa ili vigae viwekwe kabla ya siku ya nikaha, na wageni wakishaondoka deni hubaki kuwa la mwisho kuaga. Wengine wanauliza: je, tukipaka rangi tu, watu hawatatucheka?

Leo tunajibu kwa historia, maana sakafu nayo ina historia yake.

Neno "sakafu" lenyewe limetoka kwenye Kiarabu, *saqf*, yaani paa au dari. Katika nyumba za mawe za pwani, juu ya boriti yalipangwa mawe, kisha ukamwagwa mchanganyiko wa chokaa na kokoto, ukapigwa kwa miti siku baada ya siku mpaka ushikane. Dari ya chini ikawa ndiyo sakafu ya juu. Huku kwetu Unguja, kazi ya kupiga sakafu ilifanywa sana na wanawake, kwa mdundo wa nyimbo, na katika karne ya 19 wengi wao walikuwa watumwa. Tunaposifu majumba ya zamani, tuwakumbuke na wao. Mwanamke aliyeitengeneza sakafu ile pengine usiku alilala juu ya udongo.

Chokaa hiyo ilitokana na matumbawe yaliyochomwa kwa kuni nyingi. Ushahidi wake uko hata Kinondoni. Nendeni Kunduchi mkatazame magofu: msikiti wa kale, na makaburi ya nguzo yaliyopachikwa bakuli za Kichina. Wazee wale walikuwa na lipu nyeupe isiyo na pambo. Wakachukua bakuli zilizoletwa na vyombo vya baharini, wakaupa weupe ule rangi.

Wenye uwezo mkubwa walikwenda mbali zaidi. Sultani Barghash alipojenga Beit al-Ajaib mwaka 1883, sakafu zake zilitandazwa marumaru kutoka ng'ambo. Lakini nyumba za watu wengi zilikuwa na sakafu ya udongo, iliyonyunyiziwa maji na kufagiliwa kila asubuhi. Rangi ilikuwa mkekani. Ukindu ulitiwa rangi, ukasukwa, ukashonwa, na mgeni akija anatandikiwa. Heshima ya baraza ilikuwa kazi ya mikono ya mama mwenye nyumba, na haikuhitaji mkopo.

Sasa tuvuke bahari tuingie Dar es Salaam. Mji huo ulianzishwa na Seyyid Majid wa Zanzibar katika miaka ya 1860. Baadaye Wajerumani, na baada yao Waingereza, waliugawa kimaeneo: Wazungu kwao, Wahindi kwao, Waafrika kwao. Upande wa Waafrika ilistawi nyumba tunayoiita ya Kiswahili. Mbele kuna baraza, katikati ukumbi mrefu, vyumba pande mbili, na nyuma uani, penye jiko, choo na mambo ya wanawake. Kuta zilikuwa za miti na udongo. Saruji ilikuwa ghali, na mtu ambaye haki yake ya kiwanja ni ya muda mfupi ataimwagaje ardhini? Ndiyo maana kwa wazazi wengi sakafu ya saruji ilikuwa na maana kubwa kuliko usafi. Ilikuwa kusema: hapa ni kwetu, hatuhami.

Uhuru ulipatikana mwaka 1961. Mwaka uliofuata likaundwa Shirika la Nyumba la Taifa, na katika mitaa kama Magomeni nyumba za udongo zikaanza kupisha nyumba za matofali ya saruji, nyingi zikifuata ramani ile ile ya ukumbi na uani. Mwaka 1966 kiwanda cha saruji cha Wazo Hill kikaanza uzalishaji. Kiwanda hicho kiko upande huo huo wa Kunduchi, na malighafi yake ni jiwe la chokaa. Wazee walichoma matumbawe kwa kuni, na wajukuu wakanunua mfuko.

Na zege tupu halikuachwa hivyo. Fundi alipiga niru mpaka sakafu ikawa laini. Mwenye kujiweza kidogo alichanganya unga wa rangi nyekundu kwenye saruji ya juu, kisha sakafu ikasuguliwa kwa polishi hadi ing'are. Bila shaka wengi wenu mmeiona nyumbani kwa bibi. Hakuna aliyemcheka bibi kwa sakafu yake nyekundu, na ile nayo ilikuwa rangi juu ya saruji.

Kwa hiyo, dada, kopo la rangi si aibu. Linafuata njia ya bakuli la Kunduchi, mkeka wa ukindu na sakafu nyekundu ya bibi. Lakini wazee walifanya kazi kwa subira, na ukiharakisha, rangi itabanduka kabla ya fungate kwisha.

Adui mkubwa ni unyevu. Zege jipya liache siku 28 likauke na kupata nguvu. Zege la zamani lipime: bandika kipande cha nailoni sakafuni, ziba kingo zote kwa gundi ya karatasi, ukiache siku nzima. Ukikuta matone chini yake, maji yanapanda kutoka ardhini, na rangi haitashika mpaka pakauke. Kisha sugua kwa sabuni na brashi ngumu utoe mafuta na vumbi, ziba nyufa kwa saruji, na usubiri pakauke tena.

Nunua rangi ya sakafu, maana ya ukutani haihimili miguu. Paka mikono miwili myepesi badala ya mmoja mzito. Kwa nakshi, rangi mbili zinatosha. Kata umbo kwenye kardibodi au plastiki ngumu, kama nyota ya pembe nane au miraba ya mkeka, uanzie katikati ya baraza ukielekea kingoni. Mahali pa kutilia udhu, changanya mchanga laini kidogo kwenye mkono wa mwisho, mtu asiteleze. Maliza wiki moja au zaidi kabla ya wageni, ili mikeka isigande kwenye rangi mbichi.

Jambo jingine la adabu: sakafu hukanyagwa. Usiandike aya wala jina la Mwenyezi Mungu hapo, hata kwa nia njema. Nakshi za maua na maumbo zinatosha, na ndizo zilizopamba milango na misikiti yetu.

Dini yetu imetufunza kumkirimu mgeni, na imetukataza israfu. Yote mawili yanakaa kwenye baraza moja. Ukipata siku mbili za kazi na wifi zako wakashika brashi, wageni watakaa pazuri, na mahari yako haitaishia kwa muuza vigae.

Mwenyezi Mungu azijaalie nyumba zenu kheri na utulivu. Aamin.