Kaunta Buku la Baba

Kaunta buku la marehemu baba lina mgongo mwekundu, na kurasa zake zimegeuka rangi ya chai. Baba alikuwa mwalimu wa kwaya katika usharika mmoja juu ya Tengeru, kwenye migomba na kahawa za Mlima Meru. Kwenye ukurasa wa kwanza kaandika kwa wino wa buluu "Doh ni G", kisha mistari minne ya herufi, sauti ya kwanza hadi besi. Nukta pacha hutenga mapigo, kistari huivuta sauti, na kialama kidogo chini ya herufi huishusha oktavo nzima. Nota yenye kichwa na mkia haimo hata moja.

Mimi nawafundisha vijana kuchapa nota kwenye kompyuta, na daftari hilo ndilo ninaloanza nalo. Nataka waone kwamba kazi hii kwetu si ngeni. Solfa, yaani maandishi hayo ya herufi, ilitoka kwa Sarah Glover, mwalimu wa watoto wa Norwich, Uingereza. Mchungaji John Curwen aliichukua mwaka 1841 akaitengeneza na kuieneza. Nguvu ya solfa ni kwamba haihitaji mtambo wa pekee: mwenye taipureta yoyote ana kila kitu, herufi, nukta na vistari. Enoch Sontonga, mwalimu wa shule ya misheni huko Afrika Kusini, aliandika kwa solfa wimbo wake wa mwaka 1897, ambao sauti yake ndiyo tunayoisimamia wima tukiimba Mungu Ibariki Afrika. Muziki ulikuwa umekwisha kugeuzwa maandishi matupu, yanayonakilika popote, kabla kompyuta haijazaliwa.

Huku Meru muziki wa kanisa ulianza na sauti za Kijerumani. Wamisionari wa Leipzig walipoteza wenzao wawili, Ovir na Segebrock, waliouawa Akeri mwaka 1896. Walirudi, na mwaka 1902 wakaanzisha kituo cha Nkoaranga. Tenzi walizofundisha zilikuwa za kwao, zimevikwa maneno yetu.

Mambo yaligeuka Makumira, karibu na Usa River, ambako chuo cha theolojia cha Kilutheri kilihamia mwaka 1954 kutoka Lwandai, Usambara. Howard Olson, mwalimu kutoka Marekani, aliwahimiza wanafunzi walete sauti za nyumbani kwao na kuzitungia maneno ya Kikristo. Bernard Kyamanywa wa Bukoba alitunga Mfurahini, Haleluya mwaka 1966 kwa sauti ya Kihaya, na leo Walutheri wa Ulaya na Marekani wanauimba kila Pasaka. Mwaka 1968 Olson alizikusanya nyimbo hizo katika Tumshangilie Mungu. Naiheshimu sana kazi ile. Wimbo ambao haukuandikwa, mwenyewe akifa, huzikwa naye.

Leo Makumira ni chuo kikuu chenye shahada ya muziki, na kijana mwenye kompyuta ndogo anaweza kupakua MuseScore, programu ya kuchapa nota, bila kulipa senti. Lakini kila namna ya kuandika ina inachokishika na inachokiacha, na hapo ndipo somo langu hukaa muda mrefu. MIDI, ya mwaka 1983, huandika namba ya kitufe cha kinanda. G shapu na A flati za juu ya C ya kati zote ni 68, wakati baba, doh ikiwa C, angeandika "se" na msomaji akajua kwamba soh ndiyo iliyopandishwa. MusicXML, iliyotolewa mwaka 2004 na Michael Good, hutaja sauti kwa jina lake, na programu nyingi huisoma. Nasisitiza sana hilo kwa sababu nina faili za miaka ya nyuma, za programu moja ya kulipia, ambazo hazinifungukii tena. Daftari la baba linafunguka.

Watafiti nawaelekeza kwenye MEI, namna nyingine ya kuandika muziki kwa kompyuta, aliyoianzisha Perry Roland wa Chuo Kikuu cha Virginia. Hiyo inaruhusu jambo tunalolihitaji mno huku: kuandika wimbo mmoja ukiwa na matoleo yake yote, na kila toleo kutajiwa daftari lilikotoka.

Mwaka jana kijana mmoja alikuwa akichapa wimbo wa ukurasa wa kumi na mbili. Besi ikapaa juu ya sauti ya tatu. Nikamwinamia, tukaliweka daftari dirishani penye mwanga: vialama vya oktavo alidhani ni madoa ya wino. Pembeni baba alikuwa kaandika kwa penseli, "akina mama vigelegele". Kijana akauliza, "Mwalimu, hiki nakiweka wapi?" Solfa haikuwa na pa kukiweka, ndiyo maana kilikaa pembeni. Tukakiingiza kama maelezo, juu ya pigo lenyewe.

Daftari la usharika wa jirani lina wimbo uleule, ila mwisho wake unashuka pale ambapo wa baba unapanda. Tukaweka matoleo yote mawili. Kisha tukapanda kwa bibi mmoja aliyeimba sauti ya pili enzi za baba. Tukamwamkia, akatukaribisha chai, akafumba macho akaimba mwisho ambao haupo katika daftari lolote. Kijana alimwomba arudie, bibi akarudia, na kompyuta ikiwa magotini akaanza kuandika toleo la tatu.