Bumba la Chavua: Istilahi Inayotenganisha Ndugu wa Maziwa

Ukivunja tawi la mnyaa kwenye uzio wa nyumba yoyote Singida, hutoka utomvu mweupe ambao kila mtoto ameonywa asiuguse kisha akajifikicha macho. Vunja pia bua la Gomphocarpus, kile kichaka cha kando ya barabara na mashamba yaliyoachwa, chenye matunda yaliyovimba kama maputo na mbegu zenye nywele laini zinazopeperuka. Utomvu wake nao ni mweupe. Mtu angeapa kwamba mimea hii ni ndugu, kumbe sivyo. Mnyaa ni wa familia ya Euphorbiaceae, na kichaka kile ni cha Apocynaceae. Utomvu hautoshi kumwongoza mwainishaji. Lazima aingie ndani ya ua.

Chukua lenzi ya mkononi inayokuza mara 10. Petali tano za Gomphocarpus zimekunjika kuelekea nyuma, na juu yake kuna vikombe vitano ambavyo kwa pamoja ndivyo taji. Katikati pamesimama nguzo fupi, ambamo machavulio matano yameshikamana na kichwa cha pistili. Kati ya chavulio moja na jirani yake pana ufa mwembamba, na juu ya kila ufa kuna nukta ngumu ya rangi ya kahawia iliyokoza. Pitisha ncha ya sindano kwenye ufa, uivute kwenda juu. Nukta ile inaibana sindano, kisha inachomoka na vitu viwili bapa vya manjano vikining'inia kwenye vikono vyembamba.

Kila kimoja kati ya hivyo viwili huitwa kwa Kilatini pollinium, kwa wingi pollinia, na kifaa kizima, yaani kibanio, vikono na vile viwili, ni pollinarium. Ajabu yake ni kwamba hiyo jozi haitoki kwenye chavulio moja. Kimoja ni chavua ya nusu ya chavulio la kulia, cha pili ni ya nusu ya jirani yake wa kushoto. Chavua yote ya nusu hiyo imefungwa pamoja ndani ya ukuta wa nta, haitawanyiki hata punje.

Tuiiteje kwa Kiswahili? Njia ya mkato ni kutohoa: polinia na polinario. Siipendi. Maelezo ya mimea huandikwa kwa mkato, mara nyingi bila kitenzi: rangi, umbo, vipimo, basi. Ukiandika "polinia bapa, manjano", msomaji hajui ni moja au ni nyingi, kwa kuwa nomino haibadiliki na hakuna kitenzi cha kumsaidia. Tena poleni (yaani chavua), polinia na polinario zikikaa katika sentensi moja zinamchanganya hata aliyezizoea. "Kifuko cha chavua" kinaangukia kwenye mfuko wa chavua wa chavulio lenyewe, kitu kingine kabisa. "Bonge" lingefaa kama chavua ingekuwa imeganda ovyo, lakini hii ina umbo maalumu na ukuta wake. Neno linalobaki ni bumba, ambalo tayari hutumika kwa kitu kilichofungwa pamoja na hata kwa nyuki waliosongamana. Bumba la chavua, mabumba ya chavua: umoja na wingi vinasikika bila kitenzi. Polinario naiacha ilivyotoholewa, kwa sababu ni kifaa chenye sehemu kadhaa na si bumba tu.

Hesabu hiyo ya umoja na wingi ndiyo uti wa mgongo wa uainishaji wenyewe. Mwaka 1810 Robert Brown, mtaalamu wa mimea kutoka Uskoti, alitumia hasa namna chavua inavyobebwa kuitenga Asclepiadaceae na Apocynaceae, familia iliyopewa jina na Mfaransa Jussieu mwaka 1789. Utengano huo ulidumu karibu karne mbili. Tatizo ni kwamba kati ya chavua huru na mabumba kamili kuna ngazi. Nusufamilia ya Periplocoideae, yenye mmea kama Mondia whitei, kwa kawaida humwaga chavua juu ya kifaa chenye umbo la kijiko. Secamonoideae wana mabumba manne kwa kila polinario, Asclepiadoideae wana mawili. Vinasaba navyo vilionyesha kwamba kundi la Brown limechipuka ndani ya Apocynaceae, kwa hiyo mwaka 2000 Endress na Bruyns walichapisha uainishaji unaoyarudisha makundi haya yote chini ya familia moja. Leo familia hiyo ina zaidi ya spishi 4,500.

Ndani ya familia hiyohiyo wamo wale wasio na bumba hata moja. Wahadzabe wa Mkalama na bonde la Ziwa Eyasi hupaka mishale sumu ya Adenium obesum, ambayo utomvu wake huchemshwa hadi uwe mzito, na ya mbegu za Strophanthus eminii, spishi iliyopewa jina la Emin Pasha. Sumu zote mbili hushambulia moyo. Chavua ya mimea hiyo miwili ni huru, kwa hiyo mwandishi wa maelezo yake hana haja ya istilahi yetu. Kukosekana kwa bumba nako ni habari, nako kuandikwe.

Katika mabumba yenyewe bado kuna la kutazama. Kwa Gomphocarpus na jamaa zake wa karibu, mabumba huning'inia chini ya kibanio. Kwa Ceropegia husimama kuelekea juu. Tofauti hiyo moja hutenga kabila moja la mimea na jingine kabla hujapima jani. Wafugaji nyuki wa Manyoni na Itigi nao wanaweza kukiona kifaa hiki bila kwenda porini: nyuki aliyepita kwenye maua haya huonekana na vipande vya manjano vimembana ncha za miguu, mbali na ile chavua anayoishindilia kwenye vikapu vya miguu ya nyuma. Wengine hunasa kwenye ufa wakafia hapo.

B. D. Burtt, mtaalamu wa mimea wa idara ya utafiti wa mbung'o, alikusanya vielelezo vingi katika nchi hii ya vichaka vya Itigi hadi alipofariki katika ajali ya ndege mwaka 1938. Kitabu cha mimea ya Afrika Mashariki ya tropiki kilichoanza kutoka mwaka 1952 kilikamilika mwaka 2012, na sehemu ya pili ya Apocynaceae ilitoka mwaka huohuo. Kitabu chote ni kwa Kiingereza. Wewe mwanafunzi unayekusanya kielelezo leo, usitegemee ua lililokaushwa kwa kubanwa, maana nguzo husagika. Tia maua machache kwenye spiriti, kisha andika kwenye lebo mabumba ni mangapi kwa kila polinario, na yananing'inia au yanasimama.