Milimita za Siku ya Kwanza: Vinyama vya Mfuko wa Nyongo katika Ukanda wa Dhahabu

Mtu huenda kupimwa altrasaundi Katoro au Kahama kwa ajili ya ujauzito au maumivu ya tumbo, akarudi na karatasi inayosema kwenye mfuko wa nyongo kuna kinyama, amwone daktari wa upasuaji. Ukubwa haukuandikwa. Hofu ya saratani inaingia nyumbani, na mbuzi wanaanza kuuzwa ili nauli ya Mwanza ipatikane. Nashikilia kwamba katika ukanda wa Shinyanga na Geita kipimo cha siku ya kwanza kina uzito kuliko ratiba yoyote ya marudio, na kinastahili kufanywa kwa utulivu.

Takriban mtu mzima mmoja kati ya 20 ana kinyama cha aina hiyo. Vingi ni kolesteroli iliyojikusanya ukutani, na hiyo haigeuki saratani. Mwongozo wa pamoja wa vyama vya kitabibu vya Ulaya, uliohuishwa mwaka 2022, unashauri mfuko utolewe kinyama kikifika milimita 10, iwapo mgonjwa anamudu upasuaji. Cha milimita 6 hadi 9 kisicho na kihatarishi hurudiwa kupimwa baada ya miezi 6, mwaka 1 na miaka 2; cha 5 au pungufu, bila kihatarishi, huachwa. Utafiti uliochapishwa mwaka 2020 kutoka kaskazini mwa California uliwahusisha watu zaidi ya 35,000 wenye vinyama, na kiwango chao cha saratani kilikaribiana mno na cha wasiokuwa navyo: takriban 0.05%.

Miongoni mwa vihatarishi vya mwongozo huo ni umri wa zaidi ya miaka 60 na kinyama kilicholala bapa, ukiwemo ukuta ulionenepa sehemu moja kupita milimita 4. Hapo Kanda ya Ziwa inahitaji jicho lake yenyewe. Kichocho cha tumbo, ambacho wakazi wa mwambao wa Ziwa Victoria wanakijua vizuri, huweza kuunenepesha ukuta wa mfuko wa nyongo pamoja na kuacha makovu kandokando ya mishipa ya ini. Unene wa namna hiyo kwa kawaida huenea ukuta mzima, wala si wa kinyama. Selimundu nayo, iliyo nyingi kanda hii, huleta vijiwe na tope la nyongo, na bonge la tope kwenye kioo hufanana sana na kinyama.

Dawa ya mkanganyiko huu haina gharama. Mgonjwa asile kwa saa 6 au zaidi, maana hata uji wa asubuhi huusinyaza mfuko. Apimwe akiwa chali, kisha ageuzwe ubavu wa kushoto. Jiwe huviringika na kuacha kivuli nyuma yake. Tope husogea taratibu. Kinyama hubaki palepale kiliposhika.

Ratiba ya miaka 2 iliandikwa kwa ajili ya mtu anayekaa mahali pamoja. Mchimbaji mdogo aliyepimwa akiwa Rwamgasa anaweza kuwa Mwakitolyo kabla miezi 6 haijatimia, kwa sababu rashi, yaani mkimbilio wa dhahabu mpya, imetokea huko. Atapimwa kwa mashine nyingine na mkono mwingine. Mwongozo unataka ongezeko la milimita 2 litiliwe maanani, lakini tofauti hiyo ni ndogo kiasi kwamba wapimaji wawili huweza kuizalisha bila kinyama kukua hata kidogo. Bila picha ya kwanza, daktari wa pili hana cha kulinganisha.

Kwa hiyo karatasi ibebe milimita, idadi, umbo (kinaning'inia kwa kikonyo au kimelala bapa), unene wa ukuta na hali ya ini, na picha apewe mgonjwa mwenyewe, hata kwenye simu. Mwenye milimita 4 asiye na kihatarishi aambiwe waziwazi kwamba hana haja ya kurudi. Nauli na nafasi ya hospitali ya Bugando, Mwanza, zibaki kwa mwenye milimita 12.