Kwa nini programu inayofanya kazi kwenye kompyuta hukwama kwenye simu?

Programu ni ileile na namba ni zilezile, lakini majibu ni mawili tofauti. Kwenye kompyuta ya mtu aliyeitunga, inakwenda vizuri. Ikiwekwa kwenye simu ya mkulima inajifunga yenyewe, au, mbaya zaidi, inatoa hesabu yenye makosa bila kusema lolote. Wengi wetu hulaumu mtandao au simu ya bei nafuu. Wakati mwingine chanzo ni prosesa, na kosa lilipaswa kuonekana kwenye majaribio kabla programu haijakufikia. Katika makala hii tunaeleza linavyotokea na unachoweza kufanya.

Prosesa ni nini?

Prosesa ndiyo sehemu ya simu au kompyuta inayofanya hesabu zote. Programu yoyote, iwe ya kutuma pesa au ya kusikiliza redio, hatimaye huvunjwa kuwa amri ndogo ndogo ambazo prosesa inazielewa.

Tatizo ni kwamba prosesa hazizungumzi lugha moja. Kompyuta nyingi za mezani na za kubeba zinatumia muundo uliotokana na prosesa ya Intel 8086 ya mwaka 1978. Karibu simu zote zinatumia muundo wa ARM, ambao prosesa yake ya kwanza iliwashwa Cambridge, Uingereza, mwaka 1985, kazi ya Sophie Wilson na Steve Furber. Kwa hiyo programu ya simu mara nyingi huandikwa kwenye mashine ya aina moja na kutumika kwenye mashine ya aina nyingine.

Majaribio ya programu

Watunzi makini huandika pia majaribio: programu ndogo zinazouliza swali ambalo jibu lake linajulikana. "Mkulima ameleta kilo 40 kwa bei hii, anastahili kiasi gani?" Jibu likija tofauti, jaribio limefeli na kazi inasimama hadi sababu ijulikane.

Jaribio linaweza kufaulu kwenye kompyuta na kufeli kwenye ARM, ingawa hakuna herufi hata moja iliyobadilishwa. Sababu kubwa ni hizi.

1. Ukubwa wa chombo cha namba

Prosesa za zamani, na baadhi ya simu za bei nafuu hadi leo, hufanya kazi kwa biti 32. Za kisasa ni biti 64. Fikiria ndoo na pipa: kinachoenea kwenye pipa kinaweza kufurika kwenye ndoo. Namba kubwa kabisa inayoenea kwenye biti 32, ukiacha nafasi ya alama ya kutoa, ni 2,147,483,647. Ukiongeza moja, inageuka kuwa hasi.

Hili linagusa tarehe. Mifumo mingi huhesabu muda kwa sekunde kuanzia Januari 1, 1970. Kwa biti 32, sekunde hizo zitajaa Januari 19, 2038, saa 12 na dakika 14 asubuhi kwa saa za Afrika Mashariki. Sekunde inayofuata, mfumo usiorekebishwa utadhani ni Desemba 1901.

Mwaka 2038 unaonekana mbali, lakini mkopo wa miaka 15 ulioandikwa mwaka 2025 unaisha mwaka 2040. Jaribio linalohesabu tarehe hiyo linaweza kufeli leo hii kwenye mashine ya biti 32 na kufaulu kwenye ya biti 64. Ndiyo maana mfumo huria wa Debian, katika toleo lake la 13 la Agosti 2025, ulihamishia hesabu ya muda kwenye biti 64 hata kwa prosesa za ARM za biti 32.

2. Upande wa kuanzia kusoma

Saa ya mkononi ikionyesha 7 asubuhi, sisi tunasoma saa moja. Mgeni anasoma saa saba. Saa haina kosa. Kinachotofautiana ni usomaji. Prosesa nazo ziko hivyo. Namba 258 huhifadhiwa kwa baiti mbili: 1 na 2, yaani 256 mara 1, ongeza 2. Mashine inayosoma kutoka upande wa pili inapata 256 mara 2, ongeza 1, ambayo ni 513.

Simu zetu na kompyuta za kawaida zinakubaliana kuhusu upande wa kuanzia. Lakini kompyuta kubwa za IBM za kundi la Z, zinazotumiwa na benki nyingi duniani, husoma kinyume. Debian hujenga programu zake kwa aina zote hizo, na makosa mengi ya namna hii hugundulika hapo.

3. Namba hasi au chanya

Katika lugha ya C, baiti moja ya herufi haijasemwa kama inaweza kuwa hasi. Kwenye Linux, prosesa za Intel huichukulia kuwa inaweza. ARM haiichukulii hivyo. Baiti ileile inasomwa 200 kwenye simu na hasi 56 kwenye kompyuta. Programu inayosubiri namba hasi ili isimame inaweza kuzunguka kwenye ARM bila kikomo, na betri ikaisha.

4. Desimali

Prosesa haiwezi kuhifadhi desimali zote kikamilifu, hivyo hukata mwishoni. Baadhi huzidisha na kujumlisha kwa hatua moja na kukata mara moja. Nyingine hukata mara mbili. Tofauti huwa ndogo sana, lakini jaribio linalodai majibu yalingane hadi tarakimu ya mwisho litafeli. Kwa vipimo vya mvua, dawa ni kuruhusu tofauti ndogo. Kwa pesa, dawa ni kuhesabu kwa senti nzima, bila desimali.

5. Mpangilio wa kazi

Prosesa ya kisasa ina sehemu kadhaa zinazofanya kazi pamoja. Sehemu moja ikiandika kiasi kisha ikatoa ishara ya "tayari", kwenye Intel wenzake wataona kwa mpangilio huo. Kwenye ARM ishara inaweza kuonekana kabla ya kiasi, mtunzi asipoweka kizuizi. Kosa hili ni gumu kwa sababu huja mara moja moja na kupotea.

Kufeli ni kengele

Kuna kishawishi cha kulizima jaribio linalofeli kwenye ARM pekee, ili kazi iendelee. Hapo ndipo hatari inapoanza. Kosa halijaondoka, limehamishwa kutoka meza ya mtunzi hadi mkononi mwa mtumiaji, ambaye hana namna ya kulijua hadi malipo yake yapungue. Wakati mwingine jaribio lenyewe ndilo lenye kasoro, lakini hilo lijulikane kwa kuchunguza, si kwa kukisia.

Ufanye nini?

• Pakua programu kutoka duka rasmi la simu yako. Duka hukupa toleo linalolingana na prosesa yako. Faili ulilotumiwa na rafiki linaweza kuwa la prosesa nyingine, na linaweza pia kuwa na virusi.
• Sasisha programu. Tangu Agosti 2019, duka la Google limezitaka programu zenye sehemu zinazotegemea prosesa ziwe na toleo la biti 64.
• Ukitoa taarifa ya tatizo, taja aina ya simu, toleo la Android na ulichokuwa ukifanya. "Haifanyi kazi" haimsaidii mtunzi.
• Chama chenu kikinunua programu ya kupima mazao au kulipa wanachama, ulizeni: imejaribiwa kwenye simu kama zetu, au kwenye kompyuta ya ofisini tu?
• Msitupe daftari mapema. Kwa msimu wa kwanza, linganisheni hesabu ya simu na ya mkono.